"Faili Langu Liko Jeshini"

Wiki haipiti bila kulisikia jibu hili. Mwanajeshi mstaafu anaketi mbele ya meza yangu ya ustawi wa jamii, namuomba karatasi za matibabu, naye ananijibu kwa utulivu kabisa: "Binti, faili langu liko jeshini. Pigeni simu kule." Mke wake anaitikia kwa kichwa. Watoto nao wanaamini hivyohivyo: serikali ni moja, basi hospitali zake zote zinajuana.

Hazijuani, wazee wangu. Hospitali ya jeshi iko upande wa ulinzi, zahanati ya mtaa iko chini ya halmashauri, Muhimbili iko chini ya Wizara ya Afya. Kila mahali una usajili wako na namba yako. Kompyuta unayoiona dirishani hospitali ya Temeke usiitegemee kumwonyesha daktari dawa ulizoandikiwa kwingine mwezi uliopita. Na simu mnayotaka nipige? Hakuna mtumishi makini atakayemsomea faili la mgonjwa mtu asiyemwona. Siri hiyo ni ya kwako.

Gharama yake naiona mezani. Mzee mmoja alikuja miguu imevimba, nyumbani wanamkanda kwa maji ya moto wakisema ni uzee. Nikamwaga mfuko wake wa dawa: maboksi mawili, rangi tofauti, majina tofauti ya biashara, na chini kwa herufi ndogo yote yameandikwa amlodipini. Kliniki mbili, kila moja ikitibu presha ileile, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Amlodipini ikizidi huvimbisha miguu. Hapo hakukuwa na ugonjwa mpya hata mmoja.

Kinachonitisha zaidi ni magoti. Mzee anatibiwa presha huku, kapewa losartani na dawa ya kukojoza. Goti linalouma tangu enzi za mazoezi analipeleka duka la dawa, anauziwa diklofenaki. Dawa ya kukojoza inapunguza maji mwilini, diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye figo, losartani inalegeza ule unaoitoa. Kwa mtu wa umri ule, tatu hizo kwa pamoja zinaweza kuziangusha figo, na kila aliyemhudumia alifanya sawa kwa alichokiona.

Kwa hiyo nunueni kaunta buku. Moja tu! Ukurasa wa kwanza: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya jeshi, magonjwa, dawa zinazomdhuru, simu ya ndugu. Kila kliniki iandike humo. Akilazwa, msiondoke wodini bila karatasi ya kuruhusiwa. Dawa mje nazo na maboksi yake; vidonge vilivyochanganywa kwenye kopo havinisaidii kitu. Na mteueni ndugu mmoja wa kumfuatilia, si leo shemeji, kesho mjukuu, kila mmoja anaanza hadithi upya.

Kuna wanaosema mstaafu wa jeshi ni wa Lugalo tu, hospitali ya jeshi. Lugalo inapokea hata raia, na mstaafu naye anatibiwa kwingine. Kumpandisha mzee daladala mbili tatu kutoka Chanika ili apimwe presha, wakati zahanati iko jirani, ni kumtesa. Penye haja ya bingwa ataandikiwa rufaa.

Wengine huniambia: "Ni mstaafu, basi anatibiwa bure kama wazee wengine." Sera inataja mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Askari wa vyeo vya chini wanastaafu mapema kuliko hapo, kwa hiyo kuna miaka ambayo mtu hana mshahara na hajawa mzee kwa mujibu wa sera. Njooni ustawi wa jamii kabla bili haijapanda. Tunapima uwezo wa mtu, hatupimi mvi.

Anayeamka usiku akipiga kelele, anayejificha kila fataki zikilia, mnampeleka kwa mganga. Wapo waliorudi kutoka vitani Kagera, wapo waliorudi kutoka Darfur na Kongo. Kiwewe kinaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, na kinatibika kwa mazungumzo na dawa. Kliniki za afya ya akili zipo hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala. Ujasiri wake hauhusiki hapa.

Mwisho, wajane. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi kudai mafao. Unaupeleka mahakamani, mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Kibali cha mazishi nacho si cheti cha kifo. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Na kama jina la jeshini halilingani na la NIDA, mwoneni wakili au hakimu sasa hivi, mzee akiwa hai na anaweza kuapa mwenyewe.