Ukoko kwenye utosi wa mtoto mchanga: maswali na majibu

Mwanangu ana wiki tano. Utosini pameota magamba ya njano, yameganda kama ukoko wa sufuria. Namwogesha kila siku, nimekosea wapi?

Hujakosea, mama. Magamba haya hutokea zaidi katika miezi 3 ya mwanzo. Inaaminika homoni alizotoka nazo tumboni huzichochea tezi za mafuta za kichwani, na ngozi iliyokufa hunasa kwenye mafuta hayo badala ya kupukutika. Kuna pia fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu; naye hujilisha mafuta hayo na kuichokoza ngozi. Si uchafu, hayaambukizi, na mara nyingi hayawashi.

Yanazuilika?

Kuyazuia yasitokee kabisa, hapana. Yasijengeke yakawa mazito, ndiyo. Osha kichwa kila baada ya siku 2 au 3 kwa sabuni laini ya watoto, usuuze mpaka utelezi uishe.

Tatizo kubwa ni woga wa utosi. Pembeni panasuguliwa, katikati panamwagiwa maji tu, na hapo hapo ndipo ukoko unapokaa. Chini ya ngozi ya utosi kuna utando imara. Ncha za vidole zikizunguka taratibu haziudhuru. Usibonyeze tu, wala usitishike ukiuona unadunda.

Hapa Kigoma mawese na mafuta ya mise (ya kokwa za michikichi) hayakosekani nyumbani. Nimpake alale nayo?

Hapana. Mafuta ya mimea ndiyo chakula cha yule fangasi, na yakilala kichwani yanayagandisha magamba upya. Mawese yatakuachia madoa pia. Kwa walio Tabora, mafuta ya karanga yaacheni kabisa, kwani yakipita kwenye ngozi iliyochubuka yanaweza kuanzisha mzio. Tumia mafuta ya mgando meupe yasiyo na manukato.

Chukua nusu kijiko cha chai, paka penye magamba tu, subiri dakika 15 hadi 20. Sugua kwa kitambaa laini au brashi laini ya mtoto, kwa miduara midogo. Kisha osha kwa sabuni mara 2, kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko. Wengi hukosea hapa: wanalainisha vizuri, halafu mafuta hawayatoi.

Gamba lisilobanduka liache hadi siku nyingine. Ukilibandua kwa kucha ngozi inachubuka na vijidudu vinaingia. Likitoka na vinywele, vitaota tena.

Bibi yake anataka anyolewe arobaini. Itasaidia?

Haiponyi, maana tezi zimo ndani ya ngozi. Kama lazima anyolewe, lainisha na toa magamba siku 2 kabla, kwa sababu wembe ukikwama kwenye gamba hukata. Wembe uwe mpya.

Lini niende kliniki?

Ngozi ikivimba, ikitoa maji, usaha, damu au harufu, au magamba yakisambaa mwilini. Akiwa na homa chini ya miezi 3, nenda siku hiyo hiyo. Usinunue krimu ya mchanganyiko dukani ukampaka kwa kubahatisha, kwani nyingi zina steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi), na ngozi ya mtoto inafyonza dawa haraka. Bila matatizo hayo, magamba kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya mwaka 1. Yakiacha mabaka meupe, rangi itarudi polepole.