Kitoto kwenye jeneza la Maatkare

Mwaka 1881, katika kaburi la siri huko Deir el-Bahri, Misri, liliopolewa jeneza la Maatkare, binti wa Pinedjem wa Kwanza, kuhani mkuu na mtawala wa Misri ya kale. Pembeni yake palilala kifurushi kidogo kilichofungwa sanda. Wataalamu wakakata shauri: ni mwanawe, na mama alikufa kwa uzazi.

Mkasa huo ulimchafulia jina. Maatkare alikuwa "Mke wa Mungu" Amun, cheo cha kikuhani kinachodhaniwa kuwa cha wanawake wasioolewa. Jenezani pia yameandikwa majina mawili, Maatkare na Mutemhat, hivyo la pili wakampa mtoto. Kumbe yote mawili ni yake mwenyewe!

Kwa takriban miaka 90 kifurushi hakikufunguliwa. Kilipopigwa eksirei mwishoni mwa miaka ya 1960, mifupa ilionekana wazi: ni mnyama wa jamii ya kima, si binadamu. Inaelekea alikuwa kipenzi chake. Wamisri wa kale walifuga kima majumbani na kuwachora pichani wakiwa chini ya viti vya mabibi zao. Isetemkheb, wa ukoo huohuo, alizikwa na swala aliyechongewa jeneza la umbo lake.