Usiulize walizikwa na nini tu, uliza kiliwekwa wapi

Watu wakijua nafanya akiolojia ya Japani, swali la kwanza huwa ni dhahabu, mlipata dhahabu? Mimi kaburini naangalia kwanza kitu kimekaa wapi na kimegeukia wapi.

Chukua Kurozuka, pale Tenri, mkoa wa Nara. Ni kofuni, yaani kilima cha udongo walichojengewa wakubwa wa Japani kati ya karne ya 3 na ya 7, na hii ni ya mwanzo mwanzo, ukiiona toka juu ina umbo la tundu la ufunguo. Chumba cha mawe kiliporomoka zamani sana na ndo pona yake, wezi hawakumaliza kila kitu. Wachimbaji walipofika, 1997 kuingia 1998, wakakuta vioo 34, na sio vioo vya glasi hivi vyetu, ni sahani za shaba nyeusi, mgongoni zimejaa miungu na wanyama, usoni zimesuguliwa mpaka zikang'aa. Vile 33 ni vya aina moja, ile ambayo wataalamu wanabishania mpaka leo kama ilitoka China au ilitengenezwa Japani kwenyewe. Vyote 33 vilikuwa nje ya jeneza, vimepangwa pembeni, uso umegeukia jeneza. Kimoja tu, kidogo kuliko hivyo, kiliwekwa ndani, kichwani kwa marehemu.

Hapo ndo huwa nakwama kwa muda mrefu. Vile vikubwa vinavyoshangaza watu makumbusho vilibaki nje kama walinzi, afu kile kidogo ndo kikalala naye. Kuna wanaosema vioo vilifukuza mabaya, lakini mbona mng'ao unaangalia ndani? Mimi naona alikuwa anazingirwa marehemu mwenyewe, asitoke.

Tomio Maruyama, kofuni nyingine hukohuko Nara, ni vilevile. Upanga wa chuma uliotangazwa 2023 una mita 2.37, umejipinda kama nyoka, hamna mtu wa kupigana nao, na ulikutwa kwenye udongo uliofunika jeneza, pamoja na kioo chenye umbo la ngao. Tena nje. Tena ulinzi.

Kaburi ninalolitamani kuliko yote ni Daisen, mji wa Sakai, lina urefu wa mita 486 na wanasema ni la mfalme Nintoku. Ofisi ya kifalme hairuhusu kuchimba na nawaelewa, kwao ni kaburi la babu. Ila mwaka 1872 udongo wa upande wa mbele ulimomonyoka, jeneza la mawe likaonekana, pembeni yake deraya na vyombo vya glasi, vikachorwa kisha vikafukiwa tena. Michoro ile ninayo mezani, naitazama karibu kila wiki, nahesabu nini kilikuwa ndani na nini nje.