Mwelekeo wa mapambo ya ndani ni nini, na majarida yanahusikaje?

Watu husema "mtindo" na "mwelekeo" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika mapambo ya ndani ya nyumba ni vitu viwili, na anayevichanganya hujikuta akibandua vigae vizima bado ili tu aende na wakati.

Mtindo una kanuni zake za maumbo, malighafi, rangi na namna vitu vinavyopangwa chumbani. Ukikuta viti vya mbao vyenye miguu myembamba iliyoinama kuelekea nje, kabati la kimo kifupi lakini pana lisilo na nakshi na dirisha pana lisilobanwa na mapazia mazito, unautambua usasa wa katikati ya karne ya 20 hata kama chumba kimepambwa jana. Mwelekeo ni kule watu wengi kuelemea upande mmoja kwa wakati mmoja: rangi fulani, kitambaa fulani, au mtindo mzima. Kwa hiyo mtindo mmoja unaweza kuingia kwenye mwelekeo, ukatoka, ukarudi tena. Usasa huohuo ulipitwa na wakati, kisha ukaanza kutafutwa upya, na jina unaloitwa leo kwa Kiingereza, mid-century modern, likaenea baada ya Cara Greenberg kulitumia katika kitabu chake cha 1984 kuhusu samani za miaka ya 1950.

Mwelekeo hauzuki wenyewe. Kiwanda cha rangi au cha vitambaa kinapaswa kuamua mapema kitatengeneza nini, miezi mingi kabla bidhaa haijafika dukani, na hakuna anayetaka kubaki na mzigo wa rangi isiyotakiwa. Ndipo wanapoingia watabiri wa rangi. Kampuni ya Pantone imekuwa ikitangaza rangi ya mwaka tangu mwaka 2000, na watengenezaji wengi huitazama kama alama ya njia. Kuna pia maonyesho makubwa ya samani ya Milan, yaliyoanza 1961, ambako wabunifu, wenye viwanda, wanunuzi wa maduka na wahariri huviona vitu vilevile ndani ya wiki moja. Wakirudi makwao wakaandika na kuagiza vitu vinavyofanana, si ajabu.

Katika mnyororo huo, jarida ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu mara nyingi limefanya zaidi ya kuripoti. House Beautiful lilianzishwa Chicago mwaka 1896. Mwaka 1901 jarida la wanawake la Marekani, Ladies' Home Journal, lilichapisha ramani ya nyumba iliyobuniwa na msanifu majengo Frank Lloyd Wright, na wasomaji wasiomjua wakaona nyumba ambayo vyumba vyake vya pamoja havikutengwa kama masanduku. Huko Milan, mbunifu Gio Ponti alianzisha Domus mwaka 1928. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni Arts & Architecture la California. Mwaka 1945 mhariri wake, John Entenza, alitangaza kwamba jarida lenyewe litaagiza nyumba za mfano kutoka kwa wabunifu, kwa ajili ya familia za baada ya vita. Mojawapo ni ile ya wabunifu Charles na Ray Eames, mume na mke, iliyokamilika 1949 kwa vipande vya chuma na vioo vya kawaida vya kiwandani. Hapo jarida halikungoja mwelekeo upite mlangoni ndipo liupige picha; liliujenga, kisha likawaonyesha wasomaji.

Jarida linaweza pia kuupinga mwelekeo. Elizabeth Gordon, aliyehariri House Beautiful kuanzia 1941 hadi 1964, aliandika mwaka 1953 makala kali dhidi ya usasa mkavu wa vioo na chuma, akiona kwamba unawanyima watu starehe na uhuru wa kuchagua ndani ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 1960 akatoa matoleo yaliyowafundisha Wamarekani shibui, dhana ya Kijapani ya uzuri uliotulia, usiojitangaza. Huenda hukubaliani na hukumu zake, lakini alisimamia jambo fulani na msomaji alijua ni lipi. Mhariri wa namna hiyo ni hazina.

Sasa kuhusu picha zenyewe. Chumba cha jaridani kimeandaliwa kwa ajili ya kamera. Mpambaji wa picha ameondoa waya, rimoti na viatu, ameleta maua, amesogeza kochi mbali na ukuta ili lensi ipate nafasi, na mara nyingi taa zimezimwa ili mwanga wa dirishani ufanye kazi. Hakuna udanganyifu hapo, ni ufundi, lakini msomaji asiyeujua huilaumu sebule yake bure. Ukiitazama picha, tafuta uhusiano wa vitu: rangi ngapi zimetumika, kipi kimeachwa wazi, mwanga unaingilia wapi. Hayo unaweza kuyahamishia kwenye chumba chochote. Kochi lenyewe si lazima.

Mitandao ya picha ya Pinterest na Instagram, yote ya mwaka 2010, ilibadili mwendo. Jarida la kila mwezi huandaliwa miezi kadhaa kabla ya kutoka, kwa hiyo mwelekeo ulikuwa na muda wa kuiva. Siku hizi picha moja hunakiliwa maelfu ya mara kabla mhariri yeyote hajauliza kama chumba hicho kinakalika.

Kwa anayepamba, tofauti niliyoanza nayo huonekana kwenye gharama. Sakafu, vigae, makabati ya jikoni na kochi kubwa hukaa miaka mingi na ni ghali kung'oa au kubadili, kwa hiyo hivyo vifuate mtindo unaoupenda kweli. Foronya za mito, vivuli vya taa, zulia dogo na rangi ya ukuta mmoja vinaweza kufuata mwelekeo, kwa sababu ukiuchoka utavibadilisha bila kumwita fundi wa kubomoa.