Kuunganisha programu funge na programu huria: leseni inashika wapi?

Neno "kuunganisha" ndilo linalowaponza wengi. Mtu ana programu funge, yaani ile ambayo mwenyewe hatoi msimbo wake, anataka kuitumia pamoja na programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi, kisha anauliza kama leseni inamruhusu. Jibu halipatikani mpaka ijulikane zinaunganishwaje na nani atapewa nakala.

Leseni za MIT, BSD na Apache hazina ugomvi: tunza tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni, endelea na kazi yako. Kasheshe ni GPL. Hii inamtaka anayesambaza kazi iliyotokana na msimbo wake aisambaze nzima kwa GPL hiyohiyo, msimbo ukiwemo. Ukiiingiza maktaba ya GPL, yaani msimbo uliotengenezwa tayari ili programu nyingine ziutumie, ndani ya programu yako, zikashirikiana kumbukumbu moja na kupeana data za ndani, Free Software Foundation, shirika lililoiandika GPL, inazihesabu kazi moja, hata kama zinakutana tu programu inapowashwa. Wapo wanasheria wanaolipinga hilo la mwisho. Mimi nisingeiweka biashara rehani kwa hoja yao. CLISP, mkalimani wa lugha ya Lisp, ilitumia readline, maktaba ndogo tu ya kuhariri mstari unaouandika. Readline ni ya GPL, na mwishowe CLISP nzima ikatolewa kwa GPL.

Sasa tazama hii: programu yako inaiita ffmpeg, programu huria ya kubadilisha video, kama amri, inaitajia faili ya video, inasubiri, inapokea faili iliyobadilishwa. Hizo ni programu mbili zinazopokezana mzigo mlangoni, na kwa kawaida kila moja inabaki na leseni yake. Ila ukiisambaza ffmpeg pamoja na yako, masharti yake yanakuhusu. Na uangalie ilivyojengwa: kwa kawaida ni LGPL, ndugu mpole wa GPL, lakini ikijengwa kwa chaguo la --enable-gpl, kama x264, maktaba ya kubana video, inavyolazimisha, inageuka GPL.

LGPL yenyewe inakubali kuungwa na programu funge, mradi mtumiaji aweze kuibadilisha maktaba hiyo kwa toleo lake. Ndiyo maana wengi huiacha kama faili ya pembeni, .so au .dll.

Kampuni ikichanganya msimbo wa GPL na wake kwa matumizi ya ndani tu, haidaiwi kitu, kwa kuwa haijasambaza. Tundu hilo AGPL ya 2007, ndugu mkali wa GPL, ililiziba kwa huduma za mtandaoni: ukirekebisha programu yake, wanaoitumia kupitia mtandao nao wana haki ya kupata msimbo.

Ukikwama, mwenye hakimiliki anaweza kukupa leseni nyingine. Qt, maktaba ya kutengenezea sura za programu, huuzwa hivyo kwa wasiotaka masharti ya programu huria. Kwa Linux njia hiyo haipo, maana hakimiliki yake imegawanyika kwa maelfu ya waandishi.