Waraka wa bodi uanze na azimio

Nikipokea rasimu ya waraka wa bodi, yaani hati ya kuiomba bodi ya wakurugenzi uamuzi, kutoka kwa mkuu wa idara, naruka moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho. Mara nyingi ndiko ombi lilikojificha, nyuma ya historia ya idara, chati na sifa za mradi. Kazi yangu ya kwanza kama katibu wa kampuni ni kulipandisha juu kabisa.

Ombi hilo liandikwe kama azimio ambalo naweza kulinakili kwenye kumbukumbu za kikao bila kubadilisha neno. Chukua kampuni ya kusaga unga inayohitaji malori. "Bodi inaombwa kuridhia mpango wa usafirishaji" halisemi kitu. Andika hivi: "Bodi iidhinishe ununuzi wa malori 3 kwa gharama isiyozidi shilingi milioni 21, kwa mkopo wa benki wa miaka 4, na kumruhusu Mkurugenzi Mtendaji kutia saini mkataba kabla ya tarehe 30 Septemba." Hapo mjumbe anajua ni kiasi gani, fedha zinatoka wapi, nani anatekeleza na mwisho ni lini. Kama huwezi kuliandika azimio namna hiyo, waraka haujaiva.

Nguvu zako nyingine zote zipeleke kwenye njia mbadala. Nyaraka nyingi huharibikia hapa: mwandishi anaweka njia mbili dhaifu ili ile anayoitaka ing'ae. Wajumbe wazoefu hulinusa hilo mapema, na menejimenti hupoteza imani yao. Katika mfano wetu, kukodi malori ni njia halisi, kwa hiyo ipigiwe hesabu ya kweli. Kubaki na magari yaliyopo nako kuna gharama: matengenezo ya kila mara, unga unaochelewa kufika madukani. Na kama mkuu wa fedha amepinga pendekezo, iandikwe hivyo, pamoja na sababu zake.

Kwa Kenya, kifungu cha 145 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 kinamtaka mkurugenzi, yaani mjumbe wa bodi, atumie uangalifu, ujuzi na bidii katika kazi yake. Atawezaje, ikiwa waraka umemficha kwamba riba ya mkopo inaweza kupanda?

Kurasa 4 zinatosha maamuzi mengi. Majedwali yaende kwenye viambatisho. Kabrasha la nyaraka za kikao liwafikie wajumbe wiki nzima kabla ya kikao. Waraka unaogawiwa mezani asubuhi hiyo hiyo, mimi humshauri mwenyekiti auondoe kwenye ajenda, hata mradi ukiwa mzuri.