Je, wajua kwa nini Jumapili ya Wakatoliki huanza Jumamosi jioni?

Jumamosi moja jioni binti yangu alitoka nyumbani amevaa gauni lake la kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi, akapita mbele ya baraza ya jirani yetu, bibi mtu mzima aliyemjua tangu anatambaa, akamwamkia na kwenda zake. Siku ya pili asubuhi bibi yule alimwona yuko uani kwetu anachagua mchele. Akaniita. "Mwanangu, hebu nambie. Leo si ndiyo Jumapili yenu? Mbona jana mtoto kaenda kanisani, na leo, siku yenyewe, yupo nyumbani?" Nikamjibu, "Jana jioni, bibi, Jumapili ilikwisha kuingia." Alinyamaza kidogo, akaivuta kanga yake begani, kisha akasema, "Aa, kumbe kama usiku wa Ijumaa."

Nimewasikia makatekista na mapadre wakilieleza jambo hili mara nyingi, lakini sijapata kusikia jibu lililofika kwenye shina lake kwa maneno machache kama yale ya bibi, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kukaa katika darasa la katekisimu.

Hapa Unguja, na Pemba vilevile, mtu akisema "usiku wa Ijumaa" hakusudii usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, bali ule unaoutangulia, yaani usiku wa baada ya Alhamisi kuchwa. Ndio usiku ambao katika nyumba nyingi husomwa Yasini kuwarehemu waliotangulia. Mwezi wa Ramadhani huingia kwa utaratibu huohuo: mwezi ukiandama magharibi ya leo, tarawehe ya kwanza huswaliwa usiku huu huu, na funga ya kwanza hufuata kesho yake. Hata saa zetu zinashuhudia, kwa kuwa saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kutua. Kwa mtu aliyezaliwa katika hesabu hii, usiku ni mlango wa siku inayokuja, siyo mkia wa siku iliyopita.

Kanisa Katoliki liliipata hesabu hii kutoka kwa Wayahudi. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo kila siku ya uumbaji inahesabiwa kwa kutaja jioni kwanza na asubuhi baadaye, na Sabato ya Wayahudi mpaka leo huingia jua linapotua Ijumaa na kutoka Jumamosi usiku. Msomaji wa Injili asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini maziko ya Yesu yalifanywa kwa haraka. Alikufa Ijumaa alasiri, na Luka anaandika kwamba Sabato ilikuwa inakaribia kuingia, hivyo Yusufu wa Arimathaya hakuwa na muda mrefu kabla ya magharibi. Wanawake waliliona kaburi, wakarudi kutayarisha manukato, wakapumzika siku ya Sabato kama walivyoamriwa, na ndipo wakaenda kaburini alfajiri ya siku ya kwanza ya juma. Imani yote ya Wakristo kuhusu Dominika, yaani Jumapili, inatokana na alfajiri hiyo, nayo ilitanguliwa na usiku ambao, kwa hesabu ya Wayahudi, ulikwisha kuwa sehemu ya siku hiyohiyo ya kwanza.

Kanisa lilipoenea katika dola la Roma lilikutana na hesabu nyingine, kwa sababu Warumi waliianza siku usiku wa manane. Kanisa halikuichagua moja na kuitupa nyingine. Kanuni za kalenda ya liturujia, yaani ibada rasmi za Kanisa, zilizotolewa mwaka 1969 zinasema kwamba siku ya kiliturujia huanza usiku wa manane na kuisha usiku wa manane unaofuata, isipokuwa adhimisho la Dominika na la sherehe kubwa huanza tangu jioni ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo Jumanne ya kawaida ya Mkatoliki ni siku ya Kirumi, lakini Dominika yake huingia kama Sabato inavyoingia, na kama Ijumaa inavyoingia kwa jirani zetu. Watawa na mapadre wanaosali Sala za Vipindi, yaani sala rasmi za nyakati mbalimbali za siku, wana Masifu ya Jioni ya Kwanza, ambayo husaliwa Jumamosi na ni ya Dominika, na Masifu ya Jioni ya Pili, ambayo husaliwa Jumapili yenyewe.

Hapo msomaji makini atauliza: ikiwa hesabu hii ni ya kale kiasi hicho, mbona wazee wetu hawakuwa na Misa ya Jumamosi jioni? Sababu ilikuwa tumbo. Kwa karne nyingi Mkatoliki aliyetaka kupokea Komunyo alitakiwa kufunga tangu usiku wa manane, bila chakula na bila hata tone la maji, na padre anayeadhimisha Misa alibanwa na sharti hilohilo. Mtu hawezi kukaa hivyo mpaka jioni na bado akafanya kazi zake, basi Misa zilisomwa asubuhi, na katika nchi za joto mapema zaidi. Mapadre Wafaransa walioingia Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliowafuata, waliishi chini ya sheria hiyo. Wenzao waliojenga kanisa la Mtakatifu Yosefu katika Mji Mkongwe katika miaka ya 1890, hilo ambalo kila Mzanzibari analiita Minara Miwili, nao hawakupata kuadhimisha humo Misa ya kawaida ya jioni. Waislamu waliowazunguka walijua vizuri kufunga bila maji ni kitu gani.

Sheria ilianza kulegezwa mwaka 1953, Papa Pius XII alipotamka kwamba maji hayaharibu mfungo na kuwaruhusu maaskofu kukubali Misa za jioni katika hali fulani, zisianze kabla ya saa 10 alasiri. Mwaka 1957 aliufanya mfungo kuwa wa saa 3 kwa chakula, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaupunguza ukawa saa 1, ambayo ndiyo iliyopo hadi leo. Kizuizi cha tumbo kikawa kimeondoka. Maelekezo yaliyotolewa Roma mwaka 1967 yakaeleza namna ya kuadhimisha Misa ya Dominika Jumamosi jioni mahali palipopewa ruhusa, yakisisitiza kwamba masomo na mahubiri yawe ya Dominika yenyewe. Hatimaye Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, ukaweka jambo hili wazi kwa dunia nzima: anayeshiriki Misa siku yenyewe, au jioni ya siku iliyotangulia, ametimiza wajibu wake.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo hunigusa kila nikiikumbuka. Mkesha wa Pasaka, ambao ndio chimbuko la mikesha yote ya Kikristo, nao ulikuwa umesogezwa nyuma kidogo kidogo mpaka ukawa unaadhimishwa Jumamosi asubuhi. Kwa karne kadhaa mshumaa wa Pasaka uliwashwa jua likiwa juu, na sifa za "usiku huu" zikaimbwa mchana kweupe mbele ya watu wachache. Pius XII aliurudisha usiku, kwanza kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa sheria mwaka 1955. Sasa kanuni inataka usianze kabla ya usiku kuingia wala usivuke mapambazuko. Aliyewahi kusimama gizani nje ya kanisa, akaona moto mpya ukiwashwa na mwali mmoja ukigawanywa kutoka mshumaa hadi mshumaa mpaka nyuso zote zikaonekana, anajua kwamba jambo hilo haliwezi kufanywa saa 3 asubuhi.

Katika maisha ya kila juma ya parokia, mpaka huu kati ya siku na siku unaweza kuonekana kwa macho, na mahali pa kuutazama ni sakristia, chumba cha kutunzia mavazi na vyombo vya ibada. Katika Kipindi cha Kawaida cha mwaka, Misa ya Jumamosi asubuhi mara nyingi husaliwa kwa heshima ya Bikira Maria, na padre huvaa kasula nyeupe, lile vazi la juu la Misa. Baada ya hapo kanisa halilali. Kina mama hufagia, hubadilisha maji ya maua, hunyoosha vitambaa vya altare kwa pasi. Kwaya hufanya mazoezi. Watoto wa altare hupangiwa zamu. Na katika parokia nyingi za Tanzania jumuiya ndogo ndogo hukutana siku hiyo nyumba kwa nyumba, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976. Inapofika jioni, kasula nyeupe imekwisha kutundikwa na ya kijani, rangi ya Dominika za kipindi hicho, imetandazwa juu ya meza. Utepe katika Misale, kitabu cha sala za Misa, umehamishwa. Jua bado halijatua, na ndani ya chumba kile tayari ni Dominika. Mwanzo wa Majilio, kipindi cha kuingojea Krismasi, mshumaa wa kwanza wa shada huwashwa katika Misa ya Jumamosi jioni pale inapokuwapo, na rangi ya zambarau huanza hapohapo.

Lugha yetu nayo ina neno la kusema hapa. Mgeni akisikia kwamba Kanisa huiita Jumapili siku ya kwanza ya juma, hushangaa, kwa sababu Jumapili maana yake ni siku ya pili. Waswahili walianza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika, wakaita inayofuata Jumamosi, kisha Jumapili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano; halafu likaja jina la Kiarabu, Alhamisi, ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Juma letu lina siku mbili za tano zilizopangwa jirani, na hakuna anayepotea. Wakatoliki walipohitaji jina lisilotegemea hesabu walichukua neno la Kilatini, Dominika, yaani siku ya Bwana, nalo ndilo linalosikika katika matangazo ya kanisani na katika majina kama Dominika ya Matawi, ingawa nyumbani na sokoni sote husema Jumapili. Kwangu mimi hilo ni jina sahihi zaidi, kwa kuwa siku hii Wakristo wa kale waliiita ya kwanza na pia ya nane, na nambari moja haitoshi kuibeba.

Ruhusa ya jioni ina faida ya wazi kwa visiwa hivi. Wakatoliki hapa ni wachache, na wengi wao hufanya kazi ambazo hazijui mapumziko ya Jumapili. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje huhudumia wageni siku zote saba, na mpishi au mhudumu aliyepangiwa zamu ya Jumapili hana namna ya kufika Misa ya asubuhi. Kwa padre pia ni nafuu, hasa penye vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, vilivyo mbalimbali kama Pemba. Sheria ya Kanisa humtaka padre aadhimishe Misa moja tu kwa siku, na ingawa askofu anaweza kumruhusu mbili penye sababu, na hata tatu siku ya Dominika penye haja ya kichungaji, bado kuna mwisho wa nguvu za mtu na wa barabara. Misa ya Jumamosi jioni humwezesha kufika kigango kimoja zaidi. Ratiba hutofautiana parokia kwa parokia, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kupanga safari.

Wapo wanaodhani kwamba aliyesali Jumamosi jioni ameimaliza Jumapili na yuko huru kuifanya siku ya kazi kama nyingine. Hapo wanakosea, na kosa hilo linaniuma kwa sababu linaigeuza siku ya Bwana kuwa saa moja ya wajibu. Kanuni ya 1247 inamtaka mwamini, mbali na Misa, ajiepushe na kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo na pumziko la mwili na roho, kadiri anavyoweza. Asiyeweza kwa sababu ya ajira hahukumiwi. Lakini mwenye nafasi bado ana Dominika nzima mbele yake: kuwatembelea wagonjwa, kula na ndugu, kusali rozari na jumuiya, na akipenda kurudi kanisani tena.

Jambo la mwisho huwashangaza hata Wakatoliki wenyewe. Kwa kuwa Dominika huingia kwa hesabu ya jioni na kutoka kwa hesabu ya usiku wa manane, inakuwa ndefu kuliko siku nyingine yoyote ya juma. Tukianza saa 12 ya Jumamosi jioni na kufika saa 6 ya usiku unaofuata mchana wa Jumapili, tunapata saa 30.

Binti yangu aliumaliza mchele wake asubuhi ile, akala, akapanda daladala kwenda zamu yake ya hotelini, na alirudi saa 4 usiku. Bibi alikuwa bado yuko barazani, akamwuliza kazi ilikuwaje. Kwa hesabu ya bibi ulikuwa tayari usiku wa Jumatatu. Kwa hesabu ya Kanisa zilikuwa zimebaki saa 2 za Dominika, na binti aliingia ndani, akafungua kitabu chake, akasali Masifu ya Jioni ya Pili.